Alikuja Kudai Mtoto Mmoja

Mume wangu alikuja kudai mtoto kabla hajauliza wako wangapi. Kosa lilikuwa lake, na mimi sikuona sababu ya kumsaidia.

Ndoa yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu kilitosha kuringia kijijini tu, kunipeleka mbali hakikuweza. Kwetu ni Nkoma, baba analima pamba na mahindi. Aliyenioa alitoka Lingeka, upande wa Meatu, kijana mwenye ng'ombe na mdomo. Ng'ombe wa mahari walikuja kwa miguu, wakalala zizini kwa baba muda mfupi, halafu wakaondoka tena kwenda kumwolea kaka yangu. Kwa hiyo ukitaka kujua mahari yangu ilikwenda wapi, nenda kamwangalie wifi yangu. Yupo, ananenepa, na mimi namsalimia vizuri kwa sababu kosa si lake.

Tukaishi Lingeka vizuri mpaka wanunuzi binafsi walipoingia. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja, unaipeleka ushirika, unasubiri malipo mpaka unasahau ulichotaka kununua. Halafu makampuni yakaja na malori yao na mizani yao, yakatafuta mawakala wa kuyakusanyia pamba vijijini. Mume wangu akawa wakala. Akaanza kupiga pasi suruali, akaanza kusema "soko huria" hata mahali ambapo hakuna anayeuza kitu. Kila wiki alikuwa na safari ya Mwanhuzi kufuatilia malipo. Mwisho akayafuatilia mpaka akapanga nyumba huko, na ndani ya nyumba kulikuwa na mwanamke.

Nilimsubiri msimu mzima, nikapalilia shamba lake, nikakamua ng'ombe wake, nikamwogesha mama yake alipougua mgongo. Hakurudi. Nikafunga kanga yangu nikaenda Nkoma. Baba aliniona kwa mbali, na kabla sijafika kwenye kivuli akaanza.

"Umekuja kusalimia au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa, baba."

"Ng'ombe wa kurudisha sina. Rudi kwa mumeo."

"Mume hayupo. Nirudi kwa nani, kwa mizani?"

Mama alicheka, baba hakucheka. Basi nikaenda zangu Bariadi mjini, nikapanga chumba, nikaingia kwenye biashara ya mitumba. Nguo za watoto, hizo ndizo zilitoka haraka. Huko nikakutana na fundi mmoja wa mashine za kuchambulia pamba, mtu mkimya, kichwani ana manyoya ya pamba kama amezeeka ghafla. Sitaandika habari ya mapenzi hapa. Niseme tu kwamba alikuwa anakuja, anatengeneza kitasa, anatengeneza kitanda, na siku moja vitu vya kutengeneza vikaisha lakini yeye akaendelea kuja.

Nikapata mimba. Talaka sina, ng'ombe hawajarudi. Kila mtu aliyejua alinyamaza, na fundi akanyamaza kuliko wote.

Nilijifungua mapacha, wa kwanza wa kiume, wa pili wa kike. Kwetu mapacha si jambo la kupiga makofi tu. Mabasa, ndivyo tunavyowaita, wanakuja na nguvu yao. Baba na mama wa mabasa hawaruhusiwi kukatiza kwenye zizi la ng'ombe wala kwenye shamba lenye mazao mpaka wachezewe ngoma na kunyunyiziwa dawa, la sivyo ng'ombe wataharibu mimba na pamba itapukutisha vitumba. Na ngoma yenyewe ni ya matusi. Ukoo wa mama unamtukana baba, ukoo wa baba unamtukana mama, kwa nyimbo, mbele ya watoto na wakwe, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mama yangu, aliyekuja Bariadi kunilea uzazi, ni mtu wa kanisani, kila Jumapili yuko benchi la mbele, lakini alipoona vichwa viwili alisema tu, "Padri atabatiza. Mengine nitafanya mimi."

Wiki mbili hazijaisha, mume wangu akatokea. Habari ilikuwa imemfikia kupitia madereva wa malori ya pamba, na madereva hawakumaliza maelezo. Alikuja asubuhi pamoja na baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, mzee mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mnadani. Mimi nilikuwa ndani nanyonyesha wa kiume. Wa kike mama alikuwa amemtoa nyuma ya nyumba kumwotesha jua.

"Mwadila, mayu," baba mdogo akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Tumesikia umepata mtoto."

"Mmesikia vizuri."

"Wa kiume?"

"Huyu hapa wa kiume."

Mume wangu akainama kumtazama. Mwanamke wa Mwanhuzi alikuwa amemzalia binti, akaongeza binti. Niliona macho yake yanavyopima yale mapaja madogo, nikajua hakuja kusalimia.

"Tutamchukua akiacha ziwa," akasema.

"Mtamchukua kama nani?"

"Kama baba yake."

Nikamwambia, kwa adabu yote niliyofundishwa shuleni, kwamba tangu alipolala na mimi mara ya mwisho, mtoto huyu hata kama angekuwa wa tembo angeshazaliwa. Baba mdogo akakohoa. Mume wangu hakuona haya hata kidogo.

"Ng'ombe wangu wako kwenu," akasema. "Ng'ombe wangu akilala zizi la jirani akazaa huko, ndama ni wangu. Sihitaji kujua alipandwa na nani."

Nilikuwa najiandaa kumwita mama aingie na mtoto wa pili. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Aliposema ndama, nikaufunga. Nikasema moyoni, bwana, umetaka mwenyewe.

Wakati huohuo mama alitokeza kichwa mlangoni, mikono iko nje na kile kifurushi. Nilimpa jicho moja tu. Mama yangu hajasoma lakini jicho analisoma. Akarudi alikotoka, akamwomba mwenye nyumba amwimbie mtoto asilie. Wale wageni wakanywa chai, wakaaga, wakasema tutaonana mahakamani.

Walivyoondoka nilifunga mlango kwa komeo. Nisiseme nilikuwa jasiri. Nilijua kisheria na kimila nimekaa vibaya, na nilijua mtu anaweza kuja na karatasi na mgambo akaondoka na mtoto wako huku unatazama. Nilimtuma mwenye nyumba akamwite fundi. Akaja, akakaa kwenye kigoda, akamshika wa kiume kichwa kama anayepima joto la mashine.

"Utasema mahakamani kwamba ni wako?" nikamuuliza.

"Mimi pale sina ng'ombe," akasema.

"Sikuulizi ng'ombe."

"Wataniuliza wao."

Akaenda zake. Usiombe kupendana na mtu mkimya siku unayohitaji kelele.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa na hakimu kijana kuliko nilivyotarajia na wazee wawili wa baraza waliokuwa wakubwa kuliko jengo. Fundi alikuja, nakiri, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mume wangu alivaa ile suruali ya pasi. Nikaingia na mtoto wa kiume mgongoni.

Hakimu aliniuliza kama nimeolewa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna talaka. Nikasema hakuna. Mmoja wa wazee akauliza kama ng'ombe wamerudi. Nikasema ng'ombe wako kwa wakwe wa kaka yangu, wana wajukuu. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza.

"Basi," akasema, "mtoto akizaliwa ndani ya ndoa, sheria inamhesabu kuwa wa mume. Anayepinga ndiye wa kuleta ushahidi." Mzee wa baraza akaongeza kwamba hata mila inasema hivyohivyo. Sheria na mila, ambazo tuliambiwa shuleni zinagombana kila siku, siku hiyo zilipatana juu ya mgongo wangu.

Nikanyoosha mkono.

"Utaulizwa," hakimu akasema.

Sikuulizwa. Pale ndani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa uhakika baba wa wale watoto ni nani, na mtu huyo ni mimi, na nilikaa na mkono wangu juu kama niko darasa la pili. Wanaume watano walizungumzia tumbo langu, na wa sita alikuwa mlangoni anatazama viatu vyake.

Halafu hakimu akamgeukia mume wangu. "Uko tayari kubeba wajibu wote wa baba kwa mtoto huyu?"

"Niko tayari."

"Matunzo, matibabu, shule?"

"Vyote."

"Na mila," akadakia baba mdogo kwa ile sauti ya mnadani, apendeze mbele ya wazee. "Mila zote zinazompasa baba, ukoo wetu utazifanya. Hatuna mambo ya kukwepa sisi."

Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kuridhika. Nikageuka nikamwashiria mama aliyekuwa dirishani. Akaingia taratibu na mtoto wa kike, akaja akakaa kando yangu, akamfunua uso.

Watu wakanyoosha shingo. Yule mzee mkubwa zaidi ndiye aliyeanza, cheko dogo lililotokea puani.

"Mabasa," akasema.

Mume wangu akamtazama mtoto, akanitazama. "Na huyu wa nani?"

"Wako," nikasema. "Ng'ombe wako wamezaa ndama wawili. Hongera."

Hakimu aliandika. Akasema madai yarekebishwe yasomeke watoto wawili, mdai ni baba yao wote, na watakaa kwa mama wakati huu wa kunyonya. Baba mdogo hakusikia hata moja. Alikuwa anasogea, makalio tu, kidogo kidogo kwenye benchi, mpaka kati yake na mume wangu pakawa na nafasi ya kukaa mtu mnene. Mzee ana ng'ombe wengi, na baba wa mabasa ambaye hajanyunyiziwa dawa si mtu wa kugusana naye.

Habari ilifika Lingeka kabla ya mume wangu. Haya nilisimuliwa na mke wa kaka yake, ambaye tulikuwa tunapendana. Mama mkwe, yule niliyemwogesha, alikata matawi ya miiba akaziba lango la zizi. Mwanawe alipotokea akamsimamisha kwenye njia.

"Usipite hapo."

"Mama, mimi ni mtu wa kisasa."

"Basi kakamue kisasa."

Akamwekea chakula nje kama mbwa. Mume wangu akaenda Mwanhuzi, nako mwanamke wake alikuwa ameshasikia, na yeye alikuwa na mbuzi wake wenye mimba. Msimu wa kununua pamba ulikuwa umeanza. Fikiria wakala wa pamba ambaye wakulima hawataki akanyage shambani. Alipofika kijiji, watu walimletea marobota barabarani, wakayaweka chini, wakarudi nyuma. Mwisho baba yake mdogo akatuma ujumbe Nkoma: ngoma ichezwe, na ichezwe haraka.

Mimi nikarudi kwa wazazi wangu kuandaa. Baba, kwa sababu alisikia ngoma inalipiwa na upande wa mwanaume, alinipokea vizuri sana.

Nilitunga nyimbo. Hiyo ndiyo kazi kubwa ambayo elimu yangu ya sekondari imewahi kufanya. Shangazi zangu walijua zile za zamani, lakini za zamani zinamtukana baba yeyote, mimi nilitaka zimtukane huyu. Jioni tulikaa jikoni tunafanya mazoezi huku tunatwanga, na mama, mtu wa benchi la mbele, ndiye aliyekuwa ananisahihisha.

"Hapo umemwonea huruma," alikuwa anasema. "Taja na suruali."

Siku yenyewe walikuja wengi kutoka Lingeka, dada zake wamejipanga, na mama mkwe akiwa mbele. Watu wa Nkoma walijaa mpaka juu ya ukuta wa zizi la jirani. Fundi alikuwepo pia, alikuwa amekuja na lori la kiwandani, akasimama nyuma ya wanawake. Mume wangu na mimi tulikalishwa mkeka mmoja, mabega yanagusana, mtoto mmoja kwake, mmoja kwangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumbeba mwanangu yeyote. Alimshika kama mtu aliyepewa tikiti maji na hana kisu.

Shangazi akaanzisha. Nyimbo zilikuwa za Kisukuma, naziandika kwa Kiswahili na nimezifua kidogo:

*Baba mabasa, ulifunga mlango Lingeka,
ufunguo ukaupeleka Mwanhuzi,
mabasa wameingilia dirisha lipi?*

Watu wakaangua. Dada zake hawakulala, wakajibu palepale:

*Mama mabasa, mmoja wa mchana, mmoja wa usiku,
umewapangia zamu kama manesi.*

Ulikuwa wimbo mzuri, nilicheka mpaka mtoto akaruka. Hiyo ndiyo ngoma. Nilitukanwa siku ile kuhusu sehemu zangu zote, hata ambazo sikujua watu wamezifikiria, na sikuumia, kwa sababu nilijua inayofuata ni zamu yetu.

*Baba mabasa ana mizani kubwa,
ana mizani, jiwe lake halipo.
Suruali imepigwa pasi,
ndani yake kuna mkunjo tu.*

Mama yangu ndiye aliyeimba mstari wa mwisho peke yake. Nilimwona mama mkwe anaficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika, naye anacheka. Mawakala wenzake wawili waliokuja kumsindikiza walikuwa wameshikana wasidondoke.

Sasa kwa ukoo wetu kabla ya dawa kuna jambo moja limebaki. Baba wa mabasa anasimama katikati, watoto wote wawili mikononi, anakata kiuno kuonyesha jinsi alivyowapata. Hafundishwi. Anaonyesha mwenyewe, na watu wanamsahihisha. Bibi mwenye dawa, ambaye naye alizaa mabasa zamani, alikuwa ameshachovya majani kwenye chungu anamsubiri.

"Simama, baba mabasa," akasema. "Tuonyeshe."

Hakusimama.

"Simama, mwanangu," mama yake akasema, "wanangoja."

Ngoma ikapigwa polepole, ile ya kumsubiri. Wale mawakala wakaanza kumpigia makofi. Mtu mmoja kutoka juu ya ukuta akauliza kama amesahau au hakuwahi kuwepo. Mume wangu alikuwa anatazama majani, anatazama watu, na shingo yake ilikuwa imelowa. Kisha akamweka mtoto chini kwenye mkeka, taratibu, hilo namshukuru, akasema kitu.

"Sema kwa sauti," bibi akasema.

"Hawa si watoto wangu."

Ngoma ikakatika. Baba yake mdogo akanyanyuka haraka. "Anatania. Ni jua."

"Sitanii. Sijalala na huyu mwanamke tangu nilipoanza kununua pamba. Nitakuwaje baba yao? Nionyeshe nini, kitu ambacho sikufanya?"

Nikamwambia, "Asante." Nilisema kwa moyo wote. Alikuwa ametamka, bila kulazimishwa, maneno niliyonyoosha mkono kuyasema mahakamani, na sasa nusu ya Nkoma na nusu ya Lingeka walikuwa mashahidi.

Tukarudi kwa hakimu. Alikasirika, akamkumbusha kwamba alijitangaza baba mbele yake. Mume wangu akasema alikosea. Mashahidi walikuwa wengi kiasi kwamba hakimu aliwasikiliza wawili akawafukuza wengine. Akaandika kwamba mume amekana na mke amekubali, akavunja ndoa, akaamuru ng'ombe warudi. Safari hii aliniuliza kitu kimoja: kama nina la kuongeza. Nikasema ningeulizwa hivyo mwanzoni tungeokoa pombe ya watu.

Nje ya mahakama, hata jua halijatuchoma, baba yangu akakohoa.

"Kwa kuwa hawana baba," akasema, "na ng'ombe natoa mimi, basi watoto ni wa zizi langu. Ndiyo mila."

Nikaona nyota. Nilikuwa nimemtoa mmoja mlangoni, mwingine kashaingia dirishani. Nikamfungua wa kiume mgongoni, nikamchukua wa kike kwa mama, nikamkabidhi baba wote wawili.

"Wachukue, baba. Wananyonya kila wakitaka, usiku na mchana, kwa zamu. Chukua na haya," nikamwonyesha kifua, pale barabarani, watu wanapita. "Ukishajua pa kuyaweka, uniambie."

Wa kike akaanza kulia, wa kiume akafuata. Baba akasimama nao huku na huku, mzee wa watu, mpaka mama akamwambia, "Mpe mwenye maziwa, twende, basi linaondoka." Akanipa. Hakusema nami tena mpaka msimu wa pamba ukaisha, lakini habari ya zizi lake hajairudia.

Nikabaki na watoto wangu Bariadi. Jumamosi iliyofuata fundi akaja na sukari na sabuni, amechana nywele, pamba yote imetoka. Akakaa kwenye kigoda.

"Nataka wajulikane ni wangu," akasema.

"Mahakamani ulikuwa benchi la mwisho. Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Hata mimi sikuulizwa. Nilinyoosha mkono."

Akainamisha kichwa. Sikumfariji. Nikamwambia aende Nkoma akaseme hivyo kwa baba yangu, kwa sauti, na akitoka huko ajue kuwa ngoma ilikatikia katikati. Baba wa mabasa hajanyunyiziwa dawa, na bibi anasubiri mtu wa kusimama.

Wa kike alikuwa amemshika kidole.

"Ni nyimbo zilezile?" akauliza.

"Nimeongeza," nikamwambia.

Akasimama, akavua koti, akaniuliza kiuno kinakatwaje.